Tupeni kalenda kwanza: maoni yangu kuhusu eksirei za nyonga

Haya wasomaji, leo PHP na seva zipumzike kidogo. Kuna swali ambalo nimeulizwa mara nyingi mno tangu watu wajue kwamba kazi yangu ni kuandika programu: je, siwezi kutengeneza kitu cha akili unde kitakachosoma picha za eksirei hospitalini? Aliyeniuliza mwisho ni mtaalamu wa fiziotherapia anayehudumia watoto wenye mtindio wa ubongo, ule ambao wazazi wengi hapa Kenya huuita tu CP. Alitaka programu ya kumwambia kama nyonga ya mtoto imeanza kuhama. Nikamwuliza, picha ziko wapi? Akatoa bahasha za kaki kutoka kwenye kabati, ambazo ungezihesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Watoto anaowahudumia hawahesabiki kwa vidole vya mkono mmoja.

Maoni yangu ni haya, na najua baadhi ya wenzangu wa tarakilishi hawatayapenda. Kazi ya kwanza ya kompyuta kwenye jambo hili ni kukumbuka ni mtoto gani anafaa kupigwa picha mwezi huu na hajapigwa. Kuisoma picha kunafuata baadaye, tena ni sehemu rahisi. Programu ninayoizungumzia ingeweza kuandikwa mwaka 1998 kwa mashine yenye diski ndogo kuliko ya simu yako.

Tuanze na nyonga yenyewe. Magonjwa ya nyonga ya watoto ni mengi. Kuna ule wa Perthes, ulioelezwa mwaka 1910 na madaktari wa nchi tatu tofauti baada ya eksirei kuwawezesha kuutofautisha na kifua kikuu cha nyonga. Kuna kichwa cha mfupa wa paja kuteleza kwa vijana waliobalehe, ambapo mtoto hulalamika goti, watu wakapiga picha ya goti na nyonga ikasahaulika. Hayo yana siku yake. Leo nataka ya CP kwa sababu ndiyo mahali ambapo picha moja ya kawaida, ikipigwa kwa wakati, hubadilisha maisha ya mtoto, na ikikosekana hakuna anayegundua mpaka maji yamezidi unga.

Mtoto mwenye CP kwa kawaida huzaliwa na nyonga nzuri kabisa. Tatizo liko ubongoni. Lakini misuli ya ndani ya mapaja inapokaza mwaka baada ya mwaka, na mtoto asiposimama na kutembea kama wenzake, kichwa cha mfupa wa paja huanza kusukumwa polepole kutoka kwenye kikombe chake. Fikiria mpira uliokaa ndani ya bakuli, na mtu anauvuta kwa uzi mchana na usiku. Kikombe chenyewe kinahitaji kukandamizwa na ule mpira ili kikue vizuri, kwa hiyo mpira ukitoka, bakuli nalo hukua likiwa bapa. Mwishowe nyonga inatoka kabisa. Hapo ndipo mama anaona miguu haifunguki wakati wa kumbadilisha nepi, mtoto hakai sawa kwenye kiti, na analia usiku bila kuweza kusema wapi panauma.

Kinachotisha ni kwamba hatua za mwanzo hazina kelele. Haziumi. Na tusidhani mkono wa mtaalamu unaweza kuchukua nafasi ya picha: nyonga inaweza kuwa imeshatoka robo nzima na zaidi ilhali miguu inafunguka vizuri tu. Ndiyo maana nchi zilizoamua kulifuatilia jambo hili hazikutegemea uchunguzi wa mkono peke yake. Zilipiga picha.

Sasa sehemu ambayo mimi kama mwandishi wa programu naipenda. Kuna namba moja inayobeba karibu habari yote. Mwaka 1980 daktari wa Denmark aitwaye Jens Reimers alichapisha kazi yake kuhusu asilimia ya kuhama kwa nyonga. Unachukua picha ya mbele inayoonyesha nyonga zote mbili. Unachora mstari wa kulala unaopita kwenye ile gegedu yenye umbo la Y iliyo katika kila kikombe, upande wa kushoto na wa kulia. Halafu unashusha mstari wa wima kutoka ukingo wa nje wa kikombe. Sehemu ya kichwa cha paja iliyovuka mstari huo kwenda nje unaigawanya kwa upana wote wa kichwa. Basi!

asilimia = (sehemu_iliyo_nje / upana_wa_kichwa) * 100

Sifuri maana yake kichwa chote kimo ndani. Mia maana yake kimetoka chote. Ikifika 30 watu wanaanza kukaza macho, na ikizidi 40 mara nyingi mazungumzo yanakuwa ya upasuaji. Ikiongezeka zaidi ya 10 ndani ya mwaka mmoja, usingoje ifike huko.

Angalia vizuri hiyo fomyula. Ni urefu kugawanywa kwa urefu, kwa hiyo vipimo vyote vinakatana. Huhitaji kujua pikseli moja ni milimita ngapi. Huhitaji kujua mashine ilikuwa umbali gani na mtoto. Picha inaweza kuwa filamu ya zamani iliyobandikwa dirishani na kupigwa kwa simu, ikatumwa WhatsApp na kubanwa mpaka ikapoteza nusu ya uzuri wake, na uwiano utabaki ule ule ilimradi kingo za mfupa zinaonekana. Hata kama programu mbovu imeitanua picha upande kwa upande (tumeziona tovuti zinazofanya hivyo, sina haja ya kuzitaja!), vipande vyote viwili viko kwenye mwelekeo mmoja, kwa hiyo vinatanuka pamoja. Pembe hazina bahati hiyo. Ile pembe ya mteremko wa kikombe ambayo madaktari pia huipima itabadilika mara tu picha ikitanuliwa upande mmoja. Kwa nchi ambayo picha nyingi bado husafiri ndani ya bahasha kwenye matatu, sijui kama ungeweza kubuni kipimo kinachofaa zaidi.

Lakini kuna kosa ambalo uwiano hauwezi kuliponya: jinsi mtoto alivyolazwa mezani. Kiuno kikigeuka upande, au mapaja yakivutwa ndani au kufunguliwa nje kupita kiasi, kichwa kinaonekana kimehama au kimerudi wakati hakuna lolote lililotokea. Miguu inatakiwa ilale sambamba, pia za magoti zikitazama juu, na mtoto ambaye magoti yake hayanyooki huwekewa kitu chini ya magoti ili mgongo ulale mezani. Kwa mtoto ambaye miguu yake hupishana kama mkasi hiyo ni kazi ya watu wawili na uvumilivu mwingi. Hata picha ikiwa nzuri, wapimaji wazoefu hutofautiana kwa alama 5 hivi, wakati mwingine zaidi, kwa hiyo kutoka 24 hadi 27 usipige mbiu. Kutoka 24 hadi 38 piga.

Jambo dogo pembeni: zamani kila mtoto aliwekewa kipande cha madini ya risasi kufunika sehemu za siri, na mara nyingi kipande hicho kilifunika mifupa hasa inayotakiwa kupimwa, picha ikarudiwa na mionzi ikawa mara mbili. Mwaka 2019 chama cha wanafizikia wa tiba cha Marekani kilishauri desturi hiyo iachwe. Picha moja ya nyonga kwa mwaka ina mionzi kidogo ukilinganisha na ile ya asili ambayo sote tunaipata kutoka ardhini na angani mwaka mzima. Picha zinazorudiwa kwa uzembe ndizo za kuogopa.

Sasa twende Sweden, kwa sababu huko ndiko wazo la kalenda lilikopata uthibitisho wake. Mwaka 1994, kusini mwa nchi hiyo, madaktari na wataalamu wa fiziotherapia, akiwemo Gunnar Hägglund wa Lund, walianza mpango uitwao CPUP. Kila mtoto mwenye CP aliingizwa kwenye orodha moja. Daraja lake la kutembea liliandikwa. Tarehe ya picha ya nyonga ikapangwa kulingana na daraja hilo, na picha ikapimwa kwa asilimia ya Reimers. Namba ikivuka kiwango, timu inakaa na kuamua mapema, wakati ambapo upasuaji mdogo wa kulegeza misuli bado unaweza kutosha au kurekebisha mfupa bado kuna maana.

Matokeo yake? Katika kundi la watoto waliozaliwa kabla tu ya mpango, karibu 1 kati ya 10 nyonga yake ilitoka kabisa. Katika wale waliofuatiliwa, matokeo ya miaka 20 yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha chini ya 1 kati ya 100. Mwaka 1994, jamani! Hakuna akili unde, hakuna simu za kisasa. Eksirei za kawaida, rula, na orodha isiyomsahau mtu. Baadaye Norway, Denmark na Scotland zikafuata mtindo huo huo.

Orodha hiyo inawezekana kwa sababu hatari haiko sawa kwa watoto wote, na tunajua inavyogawanyika. Kuna mizani iitwayo GMFCS, iliyochapishwa mwaka 1997, yenye daraja tano. Wa daraja la I anatembea na kupanda ngazi bila kushikwa. Wa daraja la V hawezi kushikilia kichwa chake vizuri wala kukaa bila kutegemezwa. Utafiti wa jimbo la Victoria, Australia, uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta nyonga zimehama zaidi ya asilimia 30 kwa watoto 35 kati ya kila 100 wenye CP. Wa daraja la I hakukuwa na hata mmoja. Wa daraja la V walikuwa 90 kati ya 100. Isome tena hiyo. Ukijua tu kama mtoto anatembea au hatembei, umeshajua nani wa kutafutwa kwanza, kabla hujagusa mashine yoyote.

Kwa hiyo sheria ya Waswidi inaingia kwenye mistari michache ya programu. Daraja la I, hakuna picha mpaka kuwe na dalili mpya. Daraja la II, picha akiwa na miaka 2 na tena akiwa na 6. Daraja la III hadi V, picha mara tu CP inapotambuliwa, kisha kila mwaka mpaka afike miaka 8, halafu timu inaamua. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza ataiandika jioni moja na bado awahi mechi.

Najua nitajibiwa: hapa si Sweden, ndugu. Sawa. Lakini kazi hii hasa ya kujua nani hakuja kliniki tumeshaifanya, tena sisi wenyewe. Mwaka 2001 kituo cha afya cha Mosoriot, karibu na Eldoret, kilianza kutumia mfumo wa tarakilishi wa kumbukumbu za wagonjwa uliojengwa kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana. Kutoka mbegu hiyo, na kutokana na shida ya kufuatilia maelfu ya watu wenye HIV, ikazaliwa OpenMRS mwaka 2004, na kufikia 2006 ilikuwa inatumika Eldoret. KenyaEMR imejengwa juu yake. Mifumo hiyo haikumponya mtu kwa ujanja wa hesabu. Ilitoa orodha ya waliokosa kliniki, na mtu akaenda kuwatafuta.

Na SMS? Mwaka 2010 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika hapa Kenya kwa watu 538 waliokuwa wanaanza dawa za HIV. Nusu yao walitumiwa kila wiki ujumbe wa neno moja tu: "Mambo?" Wakajibu sawa au shida. Waliotumiwa ujumbe walizingatia dawa vizuri zaidi, asilimia 62 dhidi ya 50. Neno moja la mtaani! Mimi sioni kwa nini mama wa mtoto mwenye CP asipate ujumbe mara moja kwa mwaka wa kumwambia siku ya picha imefika.

Sitaki mtu aseme naichukia akili unde. Zipo tayari programu zinazopima asilimia ya Reimers zenyewe na zinakaribia wataalamu, na kuna apu ya bure iitwayo HipScreen inayomsaidia mtu kuchora ile mistari kwenye simu. Nzuri sana. Ila mtu aliyefundishwa hupima picha kwa dakika chache kwa rula. Kuzipunguza dakika hizo ziwe sekunde mbili hakumsaidii mtoto ambaye hajawahi kufikishwa mlangoni pa chumba cha eksirei, na hao ndio wengi katika bahasha zisizokuwepo. Fedha za wafadhili zinafuata neno linalovuma. Nimeona maombi ya fedha yakiandikwa upya ili neno hilo liingie kwenye ukurasa wa kwanza, na kazi ya kutafuta majina ya watoto ikashushwa hadi ukurasa wa tisa.

Swali gumu zaidi ni lile nililoulizwa na muuguzi mmoja: ukijua nyonga inahama, halafu? Hospitali zenye madaktari wa mifupa ya watoto ni chache, foleni ni ndefu, na familia nyingi zinauza mbuzi ili kulipa nauli tu. Sina jibu la foleni. Lakini nyonga ya asilimia 35 na ya asilimia 90 hazingoji foleni moja. Ya kwanza inaweza kungoja miezi ikiangaliwa, na upasuaji wake ni mdogo. Ya pili inahitaji kukatwa na kupangwa mfupa, au kufika mahali pa kupunguza maumivu tu. Hospitali inayojua watoto wake kwa namba inaweza kupanga foleni hiyo kwa haki. Isiyojua inampa nafasi aliyefika mapema au anayemfahamu mtu. Na serikali ya kaunti ikiulizwa kwa nini inahitaji daktari mmoja zaidi, orodha yenye majina na asilimia ni hoja, kuliko kusema tu "watoto ni wengi".

Basi kwa yeyote anayetaka kuijenga, jedwali langu lina safu hizi: namba ya mtoto (jina likae kwenye jedwali lingine lililofungwa, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haichezi), mwezi na mwaka wa kuzaliwa, daraja la GMFCS na tarehe lilipoandikwa, tarehe ya picha, asilimia ya kulia, asilimia ya kushoto, nani amepima, picha ilikuwa imelala sawa ndiyo au la, na tarehe ya picha ijayo. Kulia na kushoto zitenganishwe, tafadhali. Nimeona fomu yenye kisanduku kimoja cha "nyonga", na nyonga mbaya ikipewa wastani na nzuri unapata mtoto mzima ambaye hayupo.

Usifute mstari wa zamani unapoingiza mpya. Tofauti ya mwaka hadi mwaka ndiyo unayoitafuta. Picha yenyewe ikipatikana katika faili la DICOM ihifadhi hivyo, ikikosekana hifadhi hata ile ya simu, pamoja na tarehe iliyoandikwa kwenye filamu.

Ujumbe wa SMS usitaje ugonjwa wala nyonga. Simu nyingi za kijijini ni za nyumba nzima, na zingine ni za jirani. "Mama, siku ya kliniki ya mtoto ni Jumanne tarehe 14" inatosha. Weka nafasi ya namba mbili za simu kwa kila mtoto, ya pili iwe ya shangazi au nyanya, kwa sababu mama akihama kutafuta kazi mjini, nyanya ndiye anayebaki na mtoto, na ndiye atakayempeleka kupigwa picha.